Siku Jua Lilipozimika Meridiani: Kisa cha Opportunity na Maisha ya Watu Mirihini

Tarehe 10 Juni 2018 roboti Opportunity ilituma duniani taarifa yake ya mwisho kutoka sayari ya Mirihi. Namba mbili za taarifa ile ndizo zilizobeba kisa chote. Ya kwanza, 10.8, ilikuwa kipimo cha vumbi lililotanda angani. Ya pili, 22, ilikuwa wati-saa za umeme ambazo paneli zake za sola ziliweza kuvuna siku ile. Mwanzoni mwa mwezi huohuo zilikuwa zikivuna zaidi ya 600 kwa siku. Baada ya hapo haikusikika tena. Tarehe 13 Februari 2019, ikiwa imeshaitwa zaidi ya mara elfu moja bila kuitikia, shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba safari imefika mwisho.

Maneno yaliyosambaa mitandaoni, kwamba roboti ilisema betri yake inakwisha na giza linaingia, hayakutoka kwenye roboti. Ni mwandishi wa habari aliyezifasiri namba hizo kwa lugha ya watu. Yaliwaliza wengi, na haki yao. Mimi nimerudi kwenye namba zenyewe kwa sababu zinajibu swali ambalo kila anayezungumzia watu kuhamia Mirihi anapaswa kuulizwa kabla ya mengine yote: siku jua litakapozimwa na vumbi, mtaishi kwa nini?

Kwa kawaida mazungumzo huanzia kwenye wastani. Mirihi iko mbali na jua kwa wastani wa kilomita milioni 228, mara moja na nusu ya umbali wetu. Mwanga unaofika juu ya angahewa yake ni wastani wa wati 590 kwa kila mita ya mraba, wakati sisi tunapata 1,361. Ni asilimia 43 hivi. Ukisimama pale ukatazama juu, jua lingeonekana dogo, upana wake kama theluthi mbili ya hili tulilolizoea. Siku ya Mirihi ina saa 24 na dakika 39, karibu sana na yetu. Mhimili wa sayari umeinama kwa nyuzi 25, karibu sawa na wa dunia, kwa hiyo kuna majira. Mtu akisoma hayo huona tatizo dogo: jua ni hafifu kiasi, basi ongeza paneli mara mbili na ushei, mambo yaishe. Opportunity yenyewe ilifanya kazi kwa hesabu hiyo, na ikafanya kazi kupita matarajio ya walioitengeneza. Ilitua tarehe 25 Januari 2004 kwenye uwanda wa Meridiani ikiwa imepangiwa siku 90 za Mirihi. Ikaishi zaidi ya miaka 14 na kutembea kilomita 45, mbali kuliko gari lolote lililowahi kupelekwa nje ya dunia.

Mahali ilipokuwa palichaguliwa kwa ajili ya jua pia. Meridiani iko nyuzi mbili kusini mwa ikweta ya Mirihi, karibu latitudo ileile ya Mwanza hapa duniani. Jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na majira ya baridi hayana ukali kama kule mbali na ikweta. Pacha wake, Spirit, alipelekwa kwenye kreta ya Gusev, nyuzi zaidi ya 14 kusini. Huko kila majira ya baridi alilazimika kutafuta mteremko ili paneli zielekee jua. Mwaka 2009 alizama kwenye mchanga akashindwa kujigeuza, na mawasiliano yake ya mwisho yalikuwa Machi 2010. Ukitaka kujenga makazi ya watu yanayotegemea jua, ramani ingekupeleka ikweta, mahali kama pale Opportunity ilipofia. Hilo lisisahaulike: kisa hiki kilitokea kwenye sehemu nzuri.

Dhoruba ilionekana kwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 2018, kwenye picha za chombo cha NASA kinachoizunguka Mirihi. Wasimamizi wa Opportunity wakaarifiwa. Wakati huo roboti ilikuwa kwenye Bonde la Perseverance, ukingoni mwa kreta ya Endeavour yenye upana wa kilomita 22. Wasimamizi wakaanza kuipunguzia shughuli ili kubana umeme. Vumbi likazidi kwa kasi. Baada ya siku kumi na moja tu ndipo ile taarifa ya mwisho ikaja. Ilipofika tarehe 20 Juni dhoruba ilikuwa imeizunguka sayari nzima.

Inafaa kueleza kwa nini jambo kama hili hutokea, maana ndani yake mna jambo linalosumbua hesabu zote za wastani. Njia ya Mirihi kulizunguka jua si duara nadhifu. Kuna wakati sayari hukaribia hadi kilomita milioni 207 na wakati mwingine huenda hadi milioni 249. Mwanga juu ya angahewa hubadilika kutoka chini ya wati 500 hadi zaidi ya 700 kwa mita ya mraba. Sayari ikikaribia, kusini kunakuwa na majira ya machipuko na kiangazi. Ardhi hupata joto jingi, hewa hupanda na kuokota vumbi laini. Vumbi lililoko angani nalo hunyonya mwanga, huipasha hewa joto zaidi, upepo huongezeka, na vumbi jingine huinuka. Mara nyingi mzunguko huo huishia kwenye dhoruba za eneo moja. Miaka mingine huvuka mipaka na kufunika kila kitu. Ilitokea mwaka 1971, ambapo chombo Mariner 9 kilifika Novemba na kukuta sayari imefunikwa gubigubi. Ikatokea tena 1977, 2001, 2007 na 2018. Hakuna ratiba. Kwa hiyo msimu ambao jua huwa na nguvu kuliko wakati wowote ndio msimu ambao linaweza kukufia mikononi, na linalolizima ni joto lake lenyewe.

Tuirudie ile 10.8. Wanasayansi hukiita kipimo hicho kwa herufi ya Kigiriki, tau. Anga ya Mirihi haiwi safi kabisa hata siku njema. Tau huwa kama 0.5 au 0.6, na kwa kiwango hicho zaidi ya nusu ya miale hupita moja kwa moja kutoka kwenye jua hadi ardhini. Kipimo hiki hakipandi kwa kujumlisha. Kila tau inapoongezeka moja, miale ya moja kwa moja hubaki kama theluthi moja na kidogo ya ilivyokuwa. Ikifika 5.5, kiwango ambacho Opportunity ilikutana nacho mwaka 2007, inapita chini ya nusu ya asilimia moja. Ikifika 10.8, kinachopita ni kama sehemu moja kati ya 49,000. Mtu aliyesimama Meridiani siku ile asingeliona jua kabisa. Asingejua hata liko upande gani.

Lakini sasa tazama namba ya pili. Kama ni mwale mmoja tu kati ya 49,000 unaofika, paneli zingevuna karibu na hakuna. Zilivuna 22, yaani zaidi ya asilimia 3 ya zile 600 na ushei za siku chache nyuma. Sababu ni kwamba chembe za vumbi la Mirihi, ambazo ni za mikroni chache tu, hazimezi mwanga wote. Sehemu kubwa huusukuma mbele na pembeni. Mwanga hugongana na chembe mara nyingi, hupoteza njia, na mwingine huishia kufika ardhini ukitoka kila upande wa anga. Unafika umepungua sana na umepoteza rangi ya buluu, kwa sababu vumbi lile lina kutu ya chuma na hunyonya buluu kuliko nyekundu. Kwa mhandisi, tofauti hii ina maana kubwa. Paneli zinazogeuka kulifuata jua hazina faida ndani ya dhoruba. Vioo vya kukusanya mwanga mahali pamoja, ambavyo hutegemea miale ya moja kwa moja, huwa mapambo. Paneli bapa zilizolala chini, zikitazama anga nzima, ndizo zitakazookota hicho kidogo kilichobaki.

Sasa kifo chenyewe. Wengi hudhani upepo uliivunja au kuifukia. Hapana. Kanieneo ya hewa ya Mirihi ni chini ya asilimia moja ya yetu, na hata upepo wa kasi hauna nguvu ya kuangusha mtu. Kilichoiua ni njaa ya umeme iliyofuatwa na mambo mengine. Betri zikishuka mno, roboti ilipangwa kulala na kuzima karibu kila kitu isipokuwa saa yake, ikiamka mara kwa mara kuangalia kama umeme umerudi. Umeme ukikosekana kabisa hata saa hupotea, na hapo haijui tena ni mchana au usiku, wala wakati wa kuipigia dunia simu. Zaidi ya hapo, Opportunity ilikuwa na ulemavu tangu ilipotua: kipasha-joto kimoja kwenye bega la mkono wake kilikwama kikiwa kimewashwa. Wahandisi waliishi na tatizo hilo miaka 14 kwa kuizima roboti karibu yote kila usiku, usingizi mzito uliokatia kile kipasha-joto umeme. Roboti iliyopotewa na saa haiwezi kujilaza hivyo kwa mpango. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hata anga ilipoanza kutakata, umeme mdogo uliorudi uliishia begani.

Kisha kuna vumbi lenyewe. Katikati ya Septemba 2018 tau ilishuka chini ya 1.5, na NASA ikaanza kuita kwa bidii zaidi. Jua lilikuwa limerudi. Lakini vumbi lililokuwa angani lilipaswa kushuka mahali, na sehemu ya mahali hapo ni juu ya paneli. Huku kwetu mwenye sola juu ya paa hupanda na kitambaa chenye maji, akafuta, kazi ikaisha. Opportunity ilikuwa ikisubiri upepo na chamchela zinazopita zimpangusie. Ndizo zilizoirefushia maisha tangu mwanzo. Wasimamizi walisubiri msimu wa upepo wa Novemba hadi Januari. Haikuamka.

Je, ni bahati mbaya ya roboti moja kuukuu? Ningetamani kusema hivyo. InSight, roboti nyingine ya NASA, ilitua Novemba 2018 kwenye uwanda wa Elysium, nao uko karibu na ikweta. Ilianza ikivuna takriban wati-saa 5,000 kwa siku. Kufikia Mei 2022 ilikuwa imeshuka hadi 500, bila dhoruba yoyote ya sayari nzima, kwa vumbi lililokuwa likijikusanya polepole. Mwaka 2021 wahandisi walitumia mkono wake kumwaga mchanga karibu na paneli ili punje kubwa zikipeperushwa zikokote vumbi. Wakapata nyongeza ya wati-saa kama 30 kwa siku. Ni kazi ya ubunifu wa hali ya juu, na matokeo yake yanaonyesha jinsi vumbi lile linavyong'ang'ania. InSight ilinyamaza Desemba 2022. Roboti ya China, Zhurong, ililazwa Mei 2022 ili kuvuka majira ya baridi, na haikuamka.

Kinyume chake kilikuwa upande wa pili wa sayari wakati ule ule wa Juni 2018. Curiosity, roboti ya NASA iliyoko kwenye kreta ya Gale tangu 2012, ilifikiwa na dhoruba hiyo hiyo. Tau pale ilipita 8. Ikaendelea na kazi. Ilipiga picha za anga inayozidi kuwa nyekundu na vilima vinavyofutika kimoja kimoja, ikapima joto na vumbi, na kutupatia takwimu bora za dhoruba ya namna ile kutoka ardhini. Umeme wake unatoka kwenye joto la plutoni, metali yenye mnururisho inayojivunja polepole, wati 110 hivi ilipoanza, usiku na mchana, jua liwepo lisiwepo. Anga moja, wiki zile zile, roboti mbili. Moja ikafa na nyingine ikawa inafanya utafiti wa kilichomuua mwenzake. Ni nadra sana maumbile kutupa jaribio safi namna hii.

Weka watu sasa mahali pa roboti. Mwaka 2018 NASA ilipotangaza matokeo ya majaribio ya kinu kidogo cha nyuklia kilichoitwa Kilopower, ilieleza kwamba vinu vinne vya aina hiyo vingetosha kuanzisha kituo cha watu. Kinu kikubwa cha mradi ule kilikadiriwa kutoa kilowati 10. Tuchukue basi kilowati 40 za kudumu. Kwa siku moja ya Mirihi hizo ni uniti 986 (uniti moja ni wati-saa 1,000), uniti zile zile tunazonunua kwa luku au tokeni. Kwa hesabu yangu ya haraka, mita moja ya mraba karibu na ikweta ya Mirihi, anga ikiwa safi, hupokea nishati ya jua kama uniti tatu na nusu kwa siku. Paneli nzuri hugeuza robo yake kuwa umeme. Kwa hiyo zinahitajika kama mita za mraba 1,100 za paneli, na akiba ya ziada kwa ajili ya vumbi la kawaida. Jambo hilo linawezekana.

Ila siku yenye namba za Meridiani, shamba hilo la paneli lingetoa uniti kama 33. Tuseme wakazi wamezima kila kinachozimika na wanaishi kwa nusu ya umeme wao, na hali ikae hivyo mwezi mmoja. Pengo ni uniti karibu 14,000. Ukitaka kulijaza kwa betri za lithiamu za wati-saa 200 kwa kilo, unahitaji betri za tani 70 hivi. Gari zito kuliko yote yaliyowahi kutua Mirihini, Perseverance, lina uzito wa kilo 1,025. Kweli, si kila siku ya dhoruba huwa mbaya kama ile ya kilele, na si kila mahali pangefikia 10.8. Punguza pengo kwa nusu ukipenda: bado unazungumzia tani 35 za betri zinazongoja tukio ambalo huenda lisije kwa miaka mitano. Na mwezi mmoja nilioutumia ni wa huruma, kwa sababu kule Meridiani ilichukua miezi mitatu kwa tau kushuka chini ya 1.5.

Roboti ikikosa umeme hulala. Mtu halali hivyo. Oksijeni lazima itengenezwe, hewa chafu isafishwe, maji yasigande. Wastani wa joto la sayari ni nyuzi 60 na ushei chini ya sifuri. Kuna nafuu moja ndogo: vumbi huzuia joto la ardhini lisipotee angani, kwa hiyo usiku wa dhoruba huwa na baridi pungufu kuliko usiku wa kawaida. Nafuu hiyo hailipi deni la mchana.

Chakula kinastahili kutazamwa peke yake. Picha za makazi ya Mirihi hupenda kuonyesha kitalu nyumba cha kioo, nyanya zikining'inia, jua dogo likipenya. Kwa siku njema mwanga unatosha: asilimia 43 ya jua kali ni nyingi kwa saladi na mboga nyingi za majani, ambazo hapa duniani hazihitaji jua lote la mchana. Shida ni kila kitu kinachouzunguka mwanga huo. Kioo au plastiki hiyo lazima izuie hewa ya ndani isilipuke kuelekea nje ambako karibu hamna kanieneo. Usiku kinapoteza joto kwa wingi. Mirihi haina tabaka la ozoni kama letu, na mionzi ya urujuanimno mikali, ambayo angahewa yetu huimeza yote, hufika hadi ardhini. Hiyo huchoma majani na kuchakaza plastiki. Udongo wenyewe una chumvi za pakloreti, zilizogunduliwa na chombo Phoenix mwaka 2008, ambazo ni sumu kwa tezi ya koo. Kisha ije dhoruba: mmea unaopata asilimia tatu ya mwanga wake kwa wiki kadhaa hula akiba yake, hunyauka, hufa. Roboti iliyonyimwa jua mwezi mzima ina nafasi ya kuamka, ila mche wa viazi hauna.

Ndiyo maana naona kilimo cha mwanzo Mirihini kitakuwa ndani, nyuma ya kuta nene, chini ya taa za LED, kama saladi nyekundu ambayo wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga waliila Agosti 2015 baada ya kuikuza chini ya taa hizo. Lakini taa hizo hula umeme mwingi, na kwa makazi ya sola tumerudi palepale. Shamba ndilo litakalokuwa la kwanza kuzimwa tau ikipanda. Akiba ya chakula kikavu, ya miezi na si ya siku, ni sehemu ya mfumo wa umeme sawasawa na betri. Sijaona hilo likisemwa vya kutosha.

Mwili nao unataka jua kwa namna zake. Ngozi yetu hutengeneza vitamini D ikipigwa na urujuanimno wa jua. Mirihini urujuanimno upo tele, ila ukali wake na kukosekana kwa hewa hukulazimisha kuvaa vazi la anga au kukaa ndani. Mlowezi ataishi chini ya jua bila kuguswa nalo hata siku moja. Wanaanga tayari humeza vidonge vya vitamini D vya IU 800 kwa siku, na hilo litakuwa jambo la maisha yote. Kinga dhidi ya mionzi ya anga za juu nayo inawasukuma watu chini ya udongo: kifaa cha Curiosity kilipima takriban milisiveti 0.67 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa siku pale ardhini, na mita moja au mbili za udongo juu ya paa ni ulinzi wa bei nafuu. Matokeo yake ni nyumba zisizo na madirisha, au zenye madirisha machache mno.

Na saa ya mwili? Kwa wastani saa hiyo ya ndani huenda kwa saa 24 na dakika kama 10, na mwanga ndio huirekebisha kila siku. Kuivuta hadi saa 24 na dakika 39 si jambo kubwa, mradi mwanga uwe na nguvu na uje kwa wakati wake. Chini ya taa hafifu saa hiyo huanza kuteleza. Jijini Moscow, kati ya Juni 2010 na Novemba 2011, wanaume sita walifungiwa siku 520 kwenye jaribio la Mars-500, ndani ya vyumba visivyo na jua. Wengi walipata matatizo ya usingizi ya aina moja au nyingine, na kadiri muda ulivyokwenda walizidi kukaa bila kujisogeza. Fikiria sasa kundi kama hilo katika wiki ya tano ya dhoruba: taa zimepunguzwa ili kubana umeme, dirisha moja lililopo linaonyesha utusitusi wekundu, na kazi ya kila mtu ni kulinda mashine zisizime. Punguzo la taa linalookoa betri ndilo linalovuruga usingizi wa anayezilinda. Ratiba ya kubana umeme inapaswa kuandikwa na daktari akiwa mezani pamoja na fundi.

Desemba 2024 NASA ilitangaza uamuzi wake: kwa safari za kwanza za watu Mirihini, umeme wa msingi wa ardhini utatoka kwenye vinu vya nyuklia, na dhoruba za vumbi ni miongoni mwa sababu zilizotolewa. Nakubaliana na uamuzi huo, ingawa najua wenye hoja ya sola si wajinga. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba katika karibu nusu ya uso wa Mirihi, hasa maeneo ya karibu na ikweta, mfumo wa sola unaohifadhi nishati kwa hidrojeni ungeweza kushindana na nyuklia kwa uzito wa mzigo wa kusafirisha kwa safari ya watu sita. Hidrojeni ni akiba bora kuliko betri kwa giza la wiki nyingi, na paneli zina sifa ambayo kinu hakina: moja ikiharibika, mia nyingine zinaendelea. Kinu kimoja kikizima, umezima. Ninachokataa ni kumweka binadamu mahali ambapo uhai wake unategemea wastani wa miaka mingi. Makazi yapimwe kwa siku yao mbaya kuliko zote, na tayari tunayo rekodi ya siku hiyo. Vinu viwe zaidi ya kimoja, viwe na uwezo wa kulisha pumzi, maji na joto bila msaada. Paneli zichukue yale yanayoweza kungoja, kama kutengeneza mafuta ya roketi, kuyeyusha chuma, na shamba la ziada.

Lipo jambo la mwisho ndani ya kisa hiki ambalo bado halijafanyiwa kazi inavyostahili, nalo ni zile siku kumi na moja kati ya picha ya kwanza ya dhoruba na ukimya wa roboti. Kwa Opportunity muda huo ulitosha kupunguza matumizi tu, kwa sababu roboti haikuwa na cha kufanya zaidi. Kwa makazi ya watu ni muda wa thamani: kujaza matangi ya oksijeni na hidrojeni hadi juu, kuvuna kila jani lililokomaa, kuwarudisha nyumbani walio safarini na magari yao, kuhamisha betri zenye chaji kwenda kwenye chumba kimoja chenye joto ambamo wote watakaa. Siku hizo hupatikana tu kama kuna jicho juu ya sayari kila saa. Vyombo vinavyoizunguka Mirihi leo vilijengwa kwa ajili ya utafiti, vingine vina zaidi ya miaka ishirini, na hakuna hata kimoja kilichopelekwa kwa kazi ya kuwaonya watu kuhusu vumbi. Kundi la satelaiti za hali ya hewa za Mirihi, zenye kazi hiyo moja, linapaswa kuwa angani na kujaribiwa katika misimu kadhaa ya vumbi kabla ya mtu wa kwanza kupanda chombo cha kwenda kuishi kule.